Heroe Mwenye Uwele Tumboni

Hivi ukiamka asubuhi, umechochea moto wako vizuri, unanyanyua macho juu ya mafiga unakuta kamba inaning'inia peke yake, na kile kilichofungwa pale hakipo, wewe ungeanza kumuuliza nani?

Mimi niliiuliza kamba. Nakwambia kweli, nilisimama pale jikoni na kijinga cha moto mkononi, nikaiambia, "Kiko wapi?" Kamba ikanyamaza. Na mimi nikakaa chini kwenye kigoda.

Ngoja nianze vizuri, ukiniacha hivi nitakupa mwisho kabla ya mwanzo.

Mimi nakaa hapa Unyambwa na mjukuu wangu wa kike. Mama yake, yaani binti yangu, yuko Utemini, kule Singida mjini, ana cherehani yake huko, anashona. Huyu mtoto aliletwa kwangu akiwa anatambaa, sasa yuko darasa la sita na amenipita urefu. Namwita mke mwenzangu, kwa sababu babu yake alipokuwa hai alikuwa anampa yeye firigisi, mimi napewa shingo. Shule mimi niliishia darasa la pili, nikaambiwa mbuzi hawana mtu wa kuwachunga. Kwa hiyo nilijua shule ni kuandika, kuhesabu na kuchapwa. Kumbe siku hizi kuna kipindi cha sanaa.

Sanaa yenyewe ni hivi. Mtoto anarudi nyumbani anakwambia, mwalimu amesema tulete vitu vya mazingira. Mazingira, nikauliza, ndiyo nini? Akasema, "Ni vitu vyote vilivyotuzunguka, bibi." Sasa kinachomzunguka huyu mtoto ni nyumba yangu. Ikaanza kwisha kidogo kidogo. Mara maboksi ya sabuni yamekuwa barakoa yenye meno. Mara maganda ya mayai yamepondwa, yamebandikwa kwenye ubao, yametoka jiwe kubwa kama yale mawe yetu ya huku, zuri kabisa, ungedhani unaweza kuanika mtama juu yake. Mara jogoo wangu anapita uani anaona aibu, mkia hana, nauliza mkia uko wapi, naambiwa mkia umeenda shule.

Siku moja walitengeneza picha za mbegu. Yeye akatengeneza ua la alizeti, kwa mbegu za alizeti zenyewe, amezipanga moja moja na gundi ya uji wa unga. Kazi ya jioni nyingi. Akaiweka juani ikauke. Sasa wewe fikiria, Singida hii, kuku wetu hawa, halafu unaweka alizeti chini, tena imepakwa uji. Tuliporudi kutoka kisimani tulikuta ubao, na kuku wamekaa kivulini wameshiba, wanapangusa midomo. Mtoto alilia. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikacheka mpaka mbavu zikauma, nikarudi nimekunja uso, nikamwambia pole. Akafanya nyingine, akaianika juu ya paa.

Nakwambia haya ili ujue sikuwa nachukia hiyo sanaa. Nilikuwa naipenda. Mtoto alikuwa amekaa kimya tangu babu yake afe, na hiyo sanaa ndiyo iliyomrudisha kuongea. Alikuwa anakuja na udongo mpaka masikioni, anasema mfululizo kama redio.

Sasa kibuyu.

Juu ya mafiga yangu kunakaa kibuyu chenye shingo ndefu, na ndani yake kuna mbegu ya uwele. Si uwele wa dukani. Ni uwele wenye ndevu. Suke lake lina ndevu ndefu ngumu, ndege akitua anachomwa machoni, anakwenda zake kutafuta shamba la mwingine. Mama yangu alikuwa nao, mama yake alikuwa nao. Zamani hapa kila nyumba ilikuwa nao, halafu watu wakaingia kwenye alizeti na vitunguu, na wanaolima uwele wakachukua ule usio na ndevu kwa sababu haukuwashi ukiuvuna. Sasa wanashinda shambani wanapiga madebe kufukuza ndege, na mimi nimekaa nyumbani nachambua mlenda. Lakini ndiyo hivyo, hiyo mbegu haipo kwa jirani, haipo sokoni. Ikipotea kwangu imepotea.

Na namna ya kuifunga nilifundishwa. Unakata kibuyu karibu na kikonyo, pale pale shingo inapoishia. Unatoa vya ndani, unakikausha, unaweka mbegu na majivu kidogo. Halafu kile kikonyo ulichokata hukitupi, unakirudisha mahali pake, unakiziba na nta ya nyuki. Kisha unapaka kibuyu chote mavi ya ng'ombe na majivu, unakitundika kwenye moshi. Panya akija haoni mlango. Mtu akikitazama anasema hiki kibuyu kimetoka mtini juzi, hakijafunguliwa bado. Ukikitikisa kinachakacha, na kila mtu wa huku anajua kibuyu kikavu kinachakacha mbegu zake chenyewe. Mimi nilikuwa najisifu kwa kuziba, na kazi hiyo nilikuwa naifanya peke yangu, mtoto akiwa shule. Mama yangu mwenyewe alikuwa anageuza kazi yangu mara mbili ndiyo aone pa kuanzia.

Basi. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mawingu yameanza kujikusanya upande wa mashariki. Binti yangu wa Utemini akajifungua, nikaenda kumkanda na maji ya moto na kumpikia uji. Mjukuu nikamwacha alale kwa jirani. Huyu jirani ni Mnyiramba, ni mtani wangu, mwanamke ambaye hata msibani ataongea kitu ucheke. Nikakaa Utemini mpaka kitovu cha mtoto kikaanguka, nikarudi jioni giza limeshaingia, nimechoka, nikala ugali niliowekewa, nikalala. Mtoto akaniambia mara moja tu, "Bibi, kesho ni maonesho yetu ya sanaa, uje saa nne." Nikasema nitakuja. Hakusema kingine. Asubuhi nilisikia mlango, ameshaondoka.

Ndiyo nikachochea moto. Ndiyo nikanyanyua macho.

Unajua kitu kilichonijia kwanza? Mkia wa jogoo. Nikajua. Kibuyu changu kimekuwa mazingira.

Nikatoka mbio, kanga moja begani, nyingine inaburuta. Mtani wangu alikuwa anafagia uani kwake.

"Mtani, umemwona mtoto?"

"Nimemwona. Amepita na ndege kichwani."

"Ndege gani?"

"Ndege mkubwa, ana miguu kama yako."

"Mtani, sitaki mchezo leo. Amechukua kibuyu changu cha mbegu."

Akaacha kufagia. Akanitazama. Halafu akainama akaendelea na ufagio, akasema, "Nenda shule ukaone. Wewe si uliitwa? Na uvae vizuri, usije ukaonekana na wewe ni kazi ya mwanafunzi wa darasa la tatu."

Niliona anajua kitu, lakini Mnyiramba akiamua kunyamaza hata umkande hasemi. Nikarudi nikavaa kitenge kile cha harusi ya binti yangu, nikaenda.

Njia nzima nilikuwa napiga hesabu za kichwa, si za pesa, za mbegu. Nilisema, kama amekikata, uwele umemwagika. Kama umemwagika, umemwagika wapi? Kama ni kwa mtani, mtani ana kuku kuliko mimi. Kama ni shuleni, watoto wameukanyaga. Kama amekipaka rangi ya mafuta, ile ya milango, basi mbegu imekunywa sumu. Kama amekianika juani siku zote hizo, imepikwa. Kila hatua nilikuwa napata njia nyingine ya kuiua ile mbegu. Na mawingu yako kule yananitazama. Nikasema moyoni, mama, nimekutunzia miaka yote hii, na leo imeenda kufanyiwa maonesho.

Lakini pia nilikuwa nasema, nikifika pale nikapiga kelele mbele ya wenzake, huyu mtoto atanyamaza tena. Hilo nalo lilikuwa linanichoma. Ningekuwa na mbegu bila mtoto, au mtoto bila mbegu.

Nikafika. Madawati yametolewa nje, yamepangwa chini ya ukuta wa darasa, na juu yake vitu. Wewe acha. Nyumba za tembe za udongo zenye milango inayofunguka. Ng'ombe wa mabua ya mtama. Shanga za karatasi. Mmoja ametengeneza trekta kwa kopo na ndara, linaendeshwa kwa kamba. Wazazi wanapita wanashika videvu, kila mmoja anatambua kitu chake kilichopotea. Baba mmoja alikuwa anamwambia mwanawe, "Kumbe raba yangu ya baiskeli ndiyo hii," na mtoto anajibu, "Ndiyo, baba, sasa ni mjusi."

Na mwisho kabisa, pale kwenye kona, nikamwona.

Heroe. Wale ndege wa kwenye ziwa letu, wenye miguu kama fito, rangi yao kama fizi za mtoto mchanga. Amesimama juu ya kigogo, miguu ya waya uliofungwa matambara, mguu mmoja ameukunja kama wanavyofanya. Mbawa ni maganda ya mahindi yamepangwa moja juu ya jingine. Tumbo ni tumbo la kibuyu changu. Shingo ni shingo ya kibuyu changu. Na mdomo, ule mdomo mweusi uliopinda, ni kikonyo changu nilichokiziba kwa mikono yangu hii.

Nikakitazama kile kikonyo. Hakijaguswa. Nta yangu iko pale pale.

Pumzi ikarudi nusu.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama kando yake kama askari wa benki. "Shikamoo, bibi." Nikasema marahaba. Aliniangalia usoni, halafu akaangalia tumbo la ndege, halafu akaniangalia tena. Mimi sikuelewa bado.

Mwalimu wao wa sanaa akaja, binti mdogo, ana miwani. "Shikamoo, bibi. Huyu mjukuu wako ana mikono. Tumeamua huyu heroe akae ofisini kwa mwalimu mkuu, kila mgeni amwone." Mkononi alikuwa na kopo dogo na brashi. "Ninampaka vanishi kidogo ang'ae, halafu huu mdomo naona una mwanya, nautia gundi ya moto usitoke."

Pumzi ile nusu ikaondoka na mwenzake. Vanishi, halafu gundi kwenye mlango. Nikafungua mdomo wangu.

Mtoto akanitangulia. "Samahani, mwalimu, huyu asipakwe."

"Kwa nini asipakwe?"

"Ana mayai."

Darasa zima likacheka. Kijana mmoja akasema heroe wa ofisini atatotoa walimu wakuu wadogo. Mwalimu naye akacheka, akauliza, "Ana mayai yapi?"

"Ana mayai tumboni, mwalimu. Yakipakwa vanishi hayatatotoa. Bibi ndiye anayejua siku ya kutotoa." Na macho yake hayakumtoka mwalimu, lakini mkono wake ulikuja ukashika kona ya kitenge changu, kama alipokuwa mdogo.

Hapo nikaelewa. Anajua. Anajua kilichomo.

Nikamwambia mwalimu taratibu, nikamweleza kwamba huyo ndege kameza mbegu yangu ya mwaka huu, na mvua ile pale. Sikutaka aone haya, na hakuona. Alifunika kopo lake, akamwinua ndege kwa mikono miwili kama anapokea mtoto hospitali, akamtikisa kidogo karibu na sikio. Akacheka. Akasema, "Basi tufanye hivi. Leo aoneshwe. Jioni arudi nyumbani akajifungue, halafu akishapona aje ofisini." Watu waliokuwa karibu wakapiga makofi, hata wale ambao hawakujua wanapigia nini.

Tulipokuwa tunarudi, yeye amebeba ndege kichwani, mimi nyuma yake, nikamwambia, "Sasa sema, mke mwenzangu."

Akasema. Kumbe alipokuwa kwa mtani, aliambiwa na mwalimu kila mtu atengeneze kitu cha huku kwetu, yeye akachagua heroe. Akakumbuka shingo ya kile kibuyu. Akaja akakishusha, akakitikisa, kikachakacha, akasema hiki bado kizima, hakina kazi. Akakiosha, yale mavi ya ng'ombe yakatoka, akachanganya udongo mwekundu na chokaa akapata ile rangi. Nikamuuliza kwa nini si rangi ya dukani. "Hatukuwa nayo, bibi." Nikamshukuru Mungu kwa kutokuwa nayo. Halafu akapasha msumari kwenye mkaa ili atoboe matundu ya miguu.

"Nikatoboa tundu la kwanza, bibi. Nilipochomoa msumari, kikatoka kitu. Kidogo hivi. Halafu kingine. Nikasema mbegu za kibuyu mbona ndogo? Nikaweka kwenye kiganja. Nikaona uwele. Nikaona na majivu."

"Ukafanya nini?"

"Niliziba na kidole."

Alikaa pale, ameziba tundu kwa kidole, anamwita mtani. Mtani akatoka, akaona, akajua mara moja, akashika kichwa. Kuku nao wakaona. Ndiyo mtani wangu, na unene wake ule, akawa anakimbizana na kuku uani huku mtoto ameshikilia tumbo la ndege. Waliokota punje zilizodondoka, wakazirudisha kwa tundu lile lile, wakaleta nta wakaziba. Miguu ikafungwa kwa waya kuzunguka tumbo, hakutoboa tena. Na tangu siku hiyo ndege hakukaa juani wala karibu na moto. Alikuwa analala chini ya kitanda cha mtani, amefunikwa gunia.

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Ulikuwa umechoka. Na niliogopa. Nilisema kwanza uone amekuwa mzuri, halafu ndiyo nikwambie."

Na kweli nilikuwa nimeshamwona ni mzuri, na huo ndio ulikuwa mtego.

Tulipopita kwa mtani, alikuwa amekaa mlangoni anasubiri. "Enhe, umewaua wangapi huko shule?"

"Mtani, ulijua asubuhi yote ile ukaniacha nitembee na presha."

"Ningekwambia ungeenda umevaa hiyo kanga ya kuburuta. Si umependeza?"

Lakini moyo ulikuwa haujatua bado. Kwa sababu ya ule msumari wa moto. Mbegu inaweza kuwa nzima kwa macho na imekufa ndani, kama mtu mwenye huzuni. Kwa hiyo kesho yake nilikaa na mtoto, nikashika mdomo wa heroe, nikazungusha pole pole nta ikaachia. Tukamwinamisha. Ndege akatapika uwele kwenye ungo, chaa, na majivu yake. Nikatwaa punje kidogo, nikazifunga kwenye kitambaa kibichi, nikaweka ndani ya bakuli, nikafunika.

Zile siku za kusubiri sikuwa mtu wa kuongea naye. Nilikuwa nafunua nafunika, nafunua nafunika. Mtoto akitoka shule hasalimii mtu, anakwenda kwenye bakuli. Mtani akawa anapita ukutani anauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Nikawa namjibu hajafungua macho.

Halafu asubuhi moja nilisikia mtoto anaita kwa sauti ndogo, kama anaogopa kuwaamsha. "Bibi. Bibi, wametoa miguu."

Nikaenda. Kweli. Kila punje imetoa kijimzizi cheupe, chembamba kama unywele wangu. Karibu zote. Mbili tatu zilikuwa zimelala, hizo nadhani ndizo zilizokutana na msumari. Tukakaa pale chini mimi na yeye tunatazama bakuli. Nilihisi kama mtu ameniondolea mzigo wa kuni mgongoni, ule mzigo unaoushusha halafu mgongo unabaki unaelea peke yake. Nikacheka. Yeye akacheka. Mtani akasikia akapiga vigelegele huko kwake, hajauliza hata kuna nini.

Mvua ilipokuja tulipanda. Yeye alishika ndege kwapani, mimi napiga jembe, yeye anadondosha mbegu kwa mdomo wa heroe, punje chache, punje chache. Waliopita njiani walisimama. Mzee mmoja akasema ameishi miaka mingi hajaona ndege anapanda uwele, amezoea kuwaona wanaula. Na wawili wakaja uani baadaye, wakaomba punje kidogo za ule wenye ndevu, nikawapa. Sasa haiko kwangu tu. Hilo peke yake limenifanya nilale vizuri.

Heroe akabaki mtupu. Nilimpangusa ndani, nikamrudishia mdomo wake, nikamwambia mtoto ampeleke kwa mwalimu kama tulivyoahidi. Alimbeba mpaka mlangoni, akasimama. Akaangalia juu ya mafiga, kwenye ile kamba.

"Bibi, na uwele tukivuna utakaa wapi?"

"Mungu atatoa kibuyu."

Akamweka ndege chini. Akaenda kwenye kikapu changu cha mbegu, akachagua mbegu za vibuyu, zile ndefu, akatoka nazo, nikamwona anazichomeka ardhini kando ya ua, moja moja, mikono yote matope na sare ya shule imeharibika. Sikumkemea. Aliporudi kumchukua heroe wake alisimama mbele yangu akapangusa mikono kwenye sketi, akasema, "Bibi, vikizaa, chenye shingo ndefu kuliko vyote ni chako cha mbegu, sitakigusa hata mwalimu aseme nini. Vya sanaa nitachukua vile vilivyopinda. Na wewe utanifundisha kukiziba, na hata nikienda kusoma mbali, mvua ikikaribia nitarudi nikushushie kibuyu."